Bonge, Kipisi na Siku Mbili za Kuzaliwa

1

Mkanda wa Mwalimu Minza ulilia darasani. Ulilia mbele ya Kidato cha Tatu chote, kwa sauti kama ya kifaranga aliyekanyagwa, na darasa likaangua kicheko.

"Mwalimu, unaitwa!" alisema msichana mmoja wa nyuma.

Minza naye akacheka. Mikanda ile waliijua wote. Kila mwenye mimba nchini aliufunga wa kwake chini ya nguo. Mkanda ulisikiliza moyo wa mtoto usiku na mchana, ukapima damu inayopita kwenye kitovu, ukapeleka habari zote kwa Mizani, mtambo uliopanga siku za kujifungua. Wa Minza ulikuwa na kazi mara mbili kwa sababu alibeba mapacha, wa kiume na wa kike, na ulizoea kulia kwa mambo ya kipuuzi: akila pilipili, akicheka sana, au yule wa kiume akiamua kurusha teke.

Yule wa kiume walimwita Bonge, na wa kike Kipisi. Majina hayo aliyatoa mume wake, Shija, fundi wa mashine za kuvuna pamba pale Maswa, siku walipoonyeshwa picha yao kwa mara ya kwanza. Mmoja alikuwa amejitandaza katikati kama mwenye nyumba. Mwingine alijikunyata pembeni, juu kabisa karibu na mbavu za mama yake, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Minza aliubonyeza mkanda unyamaze. Haukunyamaza. Ulisema kwa adabu, na safari hii darasa halikucheka:

"Mama Minza, naomba ufike hospitali leo. Tafadhali usingoje kesho."

Aliwaachia wanafunzi maswali ya kufanya, akachukua mkoba wake, akatoka.

2

Daktari Edina Rwechungura alikuwa mama mrefu wa Kihaya ambaye kicheko chake kilisikika hadi wodi ya wanaume. Siku hiyo alimpokea Minza mlangoni bila kucheka, akamkalisha, akangoja Shija afike kutoka shambani na grisi yake mikononi.

"Mizani imenipa tarehe?" Minza aliuliza.

"Imekupa mbili, mwalimu."

"Mbili kivipi?"

"Ya Kipisi ni leo. Ya Bonge ni wiki nane kutoka sasa."

Ili kuelewa kwa nini Shija alikaa chini ghafla bila kuangalia kama kuna kiti, lazima ujue watu wa wakati ule walivyoizoea Mizani. Zamani madaktari walikuwa wanakadiria. Mtoto mmoja alitolewa mapema mno akahangaika na pumzi. Mwingine akaachwa ndani muda mrefu mno, akazimika kimyakimya mama akidhani amelala. Mizani ilikuja ikayaondoa hayo. Ilikuwa imefundishwa kwa uzazi wa mamilioni ya wanawake, na kila saa iliweka mambo mawili sahani hii na hii. Upande mmoja hatari ya kutoka: mapafu mabichi, mishipa laini ya ubongo, utumbo ambao haujajua maziwa, macho. Upande wa pili hatari ya kubaki: kondo la nyuma linalochoka, chakula kinachopungua, moyo unaolegea. Pale sahani mbili zilipolingana, Mizani ilitaja siku. Watu walishona sare za vitenge kwa siku hiyo. Waliagiza keki. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba kuna swali.

"Kila mmoja ana kondo lake," daktari aliendelea. "La Bonge ni zima kabisa, anakula vizuri. La Kipisi limechoka. Wiki mbili hizi hajaongezeka hata kidogo, na tangu asubuhi damu kwenye kitovu chake inasitasita. Mimba ni ya wiki ishirini na nane, lakini yeye ana mwili wa wiki ishirini na nne."

"Kwa hiyo tunafanyaje?" Shija aliuliza.

"Mizani imejumlisha hatari za wote wawili. Inasema tusubiri."

Minza alifundisha hesabu miaka mingi, na alijua jumla inavyoweza kuficha mambo. "Kusubiri maana yake nini kwa Kipisi?"

Daktari alimtazama usoni. "Maana yake moyo wake utasimama. Wiki hii, pengine ijayo. Bonge atabaki salama, atakua, atatoka kwa wakati wake akiwa na afya."

Mlango ukafunguliwa kabla mtu hajasema neno. Aliingia mama yake Shija, Bibi Ngolo, na chupa kubwa ya uji na vikombe vinne, kwa sababu hakuwahi kuingia mahali bila kuwalisha waliomo. Alizitazama nyuso zao, akaweka chupa mezani taratibu.

"Semeni," alisema. "Nimeshazaa pacha mimi. Siogopi."

Shija alimweleza. Jina lake lenyewe lilitokana na pacha hao wa mama yake. Kwa Wasukuma, Shija ni yule anayezaliwa baada ya mapacha. Kaka zake, Kulwa aliyetangulia na Doto aliyefuata, walikuwa watu wazima wenye vitambi, na bado walikuwa wanabishana nani alimsukuma mwenzake siku ile.

"Na tukiwatoa wote leo?" Shija alimgeukia daktari.

"Inawezekana. Kipisi nitamweka kwenye Bwawa. Bonge atakuwa njiti wa wiki ishirini na nane, atapumulia mashine. Wengi wa umri wake wanaishi. Ila wapo wanaotoka na mapafu dhaifu, na wapo wanaovuja damu kwenye ubongo. Atakuwa njiti bila yeye mwenyewe kuwa na tatizo lolote."

"Mweke naye kwenye hilo Bwawa."

"Tunalo moja. La pili liko Mwanza, na lina mtoto ndani."

3

Aliwapeleka wakalione. Lilikuwa chombo cha kioo laini, ukubwa wa beseni la kumwogeshea mtoto, limejaa maji ya uvuguvugu yenye rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Chini yake palikuwa na kitu kilichofanana na sifongo jekundu. Hilo lilikuwa kondo la mashine. Kitovu cha mtoto kiliunganishwa pale mara tu anapotolewa, kabla hajavuta hewa hata moja, naye akaendelea kuishi ndani ya maji kana kwamba hajazaliwa. Hapumui, hali, halii. Anakua tu.

"Ni zuri," daktari alisema, "lakini si tumbo la mama. Na muda wa kuunganisha ndio wa hatari. Mshipa wa kitovu cha Kipisi ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Si wote waliopita hapa wametoka salama, sitaki niwadanganye."

Minza aliweka kiganja chake juu ya kioo. Kilikuwa cha moto kidogo, kama shavu.

"Daktari. Kwa nini lazima watoke pamoja?"



"Imewahi kufanyika," Daktari Edina alisema. "Nchi nyingine, mara chache. Unamtoa mmoja kwa tundu dogo, unaziba, unamwacha mwenzake. Hapa haijafanyika. Kipisi yuko juu, mbali na mlango wa uzazi, mbali na kondo la kaka yake, kwa hiyo kwa mikono naweza. Tatizo ni kwamba mji wa mimba ukiguswa unakasirika. Unaweza kuanza uchungu palepale. Bonge akazaliwa leo, au wiki hii, au akapata maambukizi."

"Mizani inasemaje?"

"Nimeiuliza mara mbili. Inasema taarifa hazitoshi."

"Na wewe? Ungekuwa mimi?"

"Ningeogopa kama unavyoogopa. Kwa mkono wangu naamini naweza. Lakini kama daktari wa Bonge peke yake, ningekuambia usimguse. Kama daktari wa Kipisi peke yake, ningeshakupeleka chumba cha upasuaji. Bahati mbaya mimi ni daktari wa wote wawili."

Akawaacha peke yao, akaondoka na Bibi Ngolo kwenda kunywa uji.

Minza na Shija walikaa kwenye benchi la korido, mbele ya dirisha lililotazama uani ambako mashuka ya wodi yalikuwa yanapepea juani. 

"Mashine ikinigomea shambani," Shija alisema, "naifungua nione kuna nini. Hapa hata pa kuanzia sipaoni. Sema wewe."

"Najisikia kama namnyang'anya Bonge kitu," Minza alisema. "Yeye yuko salama. Anakula, anacheza. Namchukulia usalama wake nampa dada yake, na sijamwomba ruhusa."

"Ungemwomba angekupiga teke."

Minza alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge. Shija akamshika mkono, grisi na yote.

"Sikiliza," alisema Minza baada ya muda. "Tuseme tumefanya, na Bonge akazaliwa mapema. Akikua akiniuliza, mama, kwa nini mimi nilitoka mapema, mapafu yangu yakanisumbua? Nina jibu. Nitamwonyesha Kipisi nimwambie, kwa sababu ya huyu. Atakasirika, lakini nina jibu. Tukisubiri, Bonge akaja mzima kabisa, halafu siku moja akaniuliza, yule tuliyekuwa naye yuko wapi? Nitamwambia nini? Kwamba alikuwa mdogo?"

 Shija aliinuka, akaenda kumtafuta daktari.

4

Walimpa Minza sindano za kukomaza mapafu ya watoto, wakangoja hadi kesho yake asubuhi kuzipa nafasi, daktari akiutazama mkanda kila mara kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. Kisha wakaingia chumba cha upasuaji.

Minza alikuwa macho, amekufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, na pazia la kijani mbele ya uso wake. Shija alikaa karibu na kichwa chake, amevaa kofia ya plastiki iliyomfanya aonekane mpishi wa harusi. Upande wa pili wa pazia daktari aliongoza mikono miwili ya chuma, myembamba kama sindano za kufumia, na sauti yake ilikuwa tulivu kupita siku zote.

"Mwalimu, nimefika kwenye mfuko wake. Yuko hapa. Ana nywele."

"Ana nywele?" Minza alishangaa.

"Nyingi. Sasa naomba nyote mnyamaze."

Hapo ndipo Minza alipojua jinsi kuzaliwa kulivyozoeleka kuwa na kelele. Huyu hakutakiwa kulia. Akilia amevuta hewa, na akivuta hewa Bwawa halimfai tena. Walimtoa akiwa bado ndani ya mfuko wa maji, wakampitisha juu ya pazia kwa kasi, na mama yake akamwona kwa kitambo kimoja: mtu kamili kabisa, na vidole vyote, ambaye angetosha kulala kwenye kiganja cha baba yake.

 Muuguzi alikuwa amepiga magoti kando ya Bwawa. Mshipa wa kwanza ukakubali. Wa pili ukateleza, ukateleza tena. Shija aliacha kupumua, na Minza akamfinya.

"Umeshika," alisema muuguzi. "Damu inapita."

Taa ya Bwawa ikawa ya kijani, na daktari akaachia kicheko chake, kile cha kusikika wodi ya wanaume. Alikuwa anamalizia kuziba tundu kwa gundi ya mwili mkanda ulipoanza kulia. Tumbo la Minza likakaza, likaachia, likakaza tena.

"Mji wa mimba umekasirika," daktari alisema. "Nilitegemea. Dripu, haraka."

Siku ile nzima walibembeleza tumbo. Dawa ilimfanya Minza atetemeke na kuona chumba kikielea. Kila lilipokaza alisema kimoyomoyo, Bonge baba, kaa, kaa kidogo tu. Jioni likachoka kukasirika. Likatulia. Na baadaye kidogo, kutoka pale ambapo Kipisi alikuwa amejikunyata, Minza alisikia kisigino kikisukuma, kikapapasa, kikanyooka kwa raha.

"Anafanya nini?" Shija aliuliza.

"Ameona chumba cha pembeni kiko wazi. Anahamia."

5

Walimbakiza Minza hospitali. Kila asubuhi baada ya chai alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye Bwawa, akaegemeza tumbo lake kwenye kioo, ili watoto wasisahauliane. Bibi Ngolo alimpigia Kipisi stori za ukoo mzima, pamoja na zile ambazo Minza angependa zisisemwe mbele ya mtoto. Kidato cha Tatu walituma salamu na majibu ya maswali yao, mengi yakiwa na makosa.

Kipisi alikua. Nyusi zikaota. Akajua kunyonya kidole gumba chini ya maji.

Wiki ya tano, Minza alisimama aoge na maji yakamwagika miguuni pake, na hayakuwa ya kuoga. Safari hii tumbo halikubembelezeka. Mizani iliyokuwa kimya siku zote ilipata la kusema: mtoto mmoja, wiki thelathini na tatu, aje leo. Bonge akaja saa sita mchana, mweupe kwa utando wa mafuta, na kilio kimoja kikubwa kilichomfanya Shija aruke. Kisha akalegea. Mbavu zake zikaanza kuzama kila alipovuta pumzi, na midomo ikabadilika rangi.

Walimwekea kofia ya oksijeni na mirija miwili puani. Minza alikaa kando yake. Huyu ndiye aliyekuwa salama. Huyu angekuwa bado ndani, anacheza, kama yeye asingesema neno kwenye lile benchi. 

Bibi Ngolo alikuja akasimama nyuma yake na kikombe.

"Kunywa."

"Mama, mimi ndiye niliyemfanyia hivi."

"Ndiyo, ni wewe," alisema Bibi Ngolo bila kupepesa. "Nani mwingine? Sasa kunywa, maana akitoka humo atataka maziwa, na hatauliza nani alifanya nini."

Minza akanywa. Usiku ule na uliofuata mbavu ziliendelea kuzama. Halafu zikazama kidogo, na kidogo zaidi, na asubuhi moja muuguzi aliyeingia kubadilisha shuka alikuta mirija imeng'olewa na Bonge mwenyewe ameishika mkononi, anapumua bila msaada na amekasirika kwa njaa.

Alitaka maziwa. Hakuuliza kitu.

6

Siku ya kumfungua Kipisi, wodi nzima ilijua. Daktari Edina aliyapunguza maji taratibu, akamwinua, akambana kitovu, akamfuta uso. Wote waliinama.

Kipisi alipiga chafya.

Wakangoja. Akapiga chafya ya pili, ndogo zaidi, akafumbua macho, akaanza kuwatazama mmoja mmoja. Kifua kilipanda kikashuka vizuri, rangi ilikuwa nzuri, lakini hakulia.

"Anapumua," daktari alisema. "Ila ningependa nimsikie. Kilio ndicho kinachofungua mapafu mpaka chini kabisa."

Walimsugua mgongo. Walimchapa nyayo kwa upole. Kipisi aliwavumilia. Alikuwa amezoea maisha ya ukimya, na inaonekana hakuona sababu ya kuyabadilisha.

"Mlete Bonge," alisema Minza.

Bonge, ambaye sasa alikuwa na mashavu mawili kila upande, alilazwa kifuani kwa mama yake ubavuni mwa dada yake. Alinusa. Akajinyoosha kama alivyozoea, akatafuta nafasi, na kisigino chake kikamfikia Kipisi mbavuni.

Kipisi akakunja uso. Akawa mwekundu kuanzia kidevuni hadi kwenye zile nywele zake. Kisha akapiga ukelele hata wauguzi wa wodi ya jirani wakaja wakikimbia, wakafika mlangoni, wakaona kinachoendelea, wakaanza kupiga vigelegele. Daktari alikuwa anajifuta macho kwa kiwiko.

Ndipo ukaja ubishi ambao hata Mizani isingeutatua. Nani Kulwa, nani Doto? Shija alisema Bonge, kwa kuwa ndiye wa kwanza kuvuta hewa ya dunia, na kuzaliwa ni kupumua. Muuguzi alimuunga mkono. Minza alisema Kipisi, kwa kuwa ndiye wa kwanza kutoka tumboni, na tumbo ni lake, analijua. Daktari akaulizwa, akasema yeye ni Mhaya na mambo hayo hayamhusu.

Bibi Ngolo aliwaacha wabishane hadi wachoke. Kisha akawainamia wajukuu zake.

"Huyu alitangulia akapita peke yake, akiwa hana hata mwili wa kupitia," alisema akimgusa Kipisi. "Kulwa ni huyu. Huyo mwingine alibaki kula. Doto."

Ikawa imeamuliwa. Shija alikimbilia uani kupiga simu, akiwapigia kaka zake, shamba, shule, na kila mtu aliyemkumbuka, akipiga kelele kwa furaha juu ya mashuka yanayopepea, na kwa furaha hiyo majina akayataja kinyume kwa kila mmoja. Walipogundua, habari ilikuwa imeshafika Bariadi. Mpaka leo nusu ya ukoo wanamwita Kulwa yule wa kiume, nusu wanamwita yule wa kike, na kila mwaka, kwa siku mbili tofauti za kuzaliwa, wanakula keki mbili wakibishana.